Maua Pembezoni mwa Chati

Mimi karatasi iliyojaa hunipandisha hasira. Wanangu hunicheka, wanasema nikienda kanisani sisikilizi mahubiri, nasoma tu ubao wa matangazo huku nikitikisa kichwa. Ni kweli. Nikiona tangazo la ploti lenye rangi saba, namba tano za simu, picha ya nyumba, picha ya mti na picha ya mwenye kampuni amekunja mikono, nahisi kama mtu amenipigia kelele sikioni. Naishi Mugutha, mahali ambapo kila ukuta unauza ploti, kwa hiyo napigiwa kelele kila siku.

Basi nilipoombwa nifundishe Jumamosi, nilikubali kabla mwenye kuniomba hajamaliza kusema. Darasa ni ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu la Ruiru, wenye viti vya plastiki na ukuta mmoja mweupe ninaoupenda kuliko fanicha yoyote ya nyumbani kwangu. Wanafunzi ni watu wazima ambao kazi yao ni kufundisha wenzao kazi. Yuko anayewaelekeza wafanyakazi wapya kiwandani Thika, yuko anayefundisha ushonaji, wako wa vikundi vya wakulima. Kazi zao wanazijua sana. Wanachoshindwa ni kuziweka kwenye karatasi mtu mwingine akaziona. Hapo ndipo ninapoingia mimi, na habari zangu za ukubwa wa herufi, rangi, mpangilio, na mahali pa kuacha wazi.

Somo la kwanza halina kompyuta. Nabandika karatasi ukutani, nawaambia warudi nyuma mpaka mlangoni, kisha wafumbe macho nusu kama mtu anayetazamana na jua. Halafu nauliza wanaona nini. Kinachobaki macho yakiwa yamefumbwa nusu, hicho ndicho karatasi inachosema. Mengine yote ni mapambo.

Yule bwana wa kiwandani alileta mafunzo yake ya mashine ya kukata. Maneno yalikuwa yanaingia kwenye skrini moja moja yakizunguka kama pia, kila moja na mlio wake.

"Madam, lakini inapendeza," alijitetea.

"Inampendeza nani? Yule anayekatwa kidole akingojea neno limalize kuzunguka?"

Darasa likacheka, naye akacheka. Nasema haya ili ujue jinsi nilivyokuwa siku hiyo, nimejaa raha na ulimi mkali, kabla ya mama wa Ngoliba kufungua karatasi yake.

Alikuwa mwanamke wa kukaribia hamsini hivi, mtulivu, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti kama la mtoto wa shule. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha kikundi chao cha wakulima wa nyanya namna ya kuchanganya dawa ya kunyunyiza bila kujiumiza. Alikuwa ametoka Ngoliba alfajiri, na bado alifika kabla ya watu wa Ruiru wanaotembea kwa mguu. Akatoa chati ndani ya mfuko wa nailoni, akainyoosha juu ya magoti yake kwa kiganja.

"Mwalimu, nataka unifunze kutengeneza kama hii. Ni ile ya zamani ya group, sasa imeanza kuraruka."

Niliibandika. Watu wakaenda mlangoni, wakafumba macho nusu.

"Naona watu tisa," alisema mmoja.

"Mimi naona maua."

Bwana wa kiwandani aliuliza kwa moyo safi kabisa, "Hiyo ni programu ya mazishi?"

Kicheko kilichofuata nilikichochea mimi. Nikaanza kuichambua ile chati kama mtu anayemnyonyoa kuku. Maua ya waridi kuzunguka pande zote nne. Juu, jina la kikundi, mstari wa Biblia na neno la kuwakaribisha wote. Katikati, nyuso tisa za kamati ndani ya duara tisa, zote sawa kama vifungo vya shati. Na chini kabisa, kwa herufi za kumtafuta chawa, namna ya kuchanganya dawa. Nikawaambia, "Aliyetengeneza hii alikuwa anaogopa viongozi kuliko sumu." Wakacheka tena. Mama wa Ngoliba hakucheka. Alikuwa anaandika.

Nilisogea na rula ili niwaonyeshe udogo wa zile herufi. Ndipo nikaona, ndani ya ua la mwisho pembeni chini, kinyota kidogo cheupe.

Kile kinyota ni changu. Nilifanya kazi miaka mingi katika duka la kuchapisha nyuma ya soko Thika, tukiwa watu wawili wa kompyuta, na kila mmoja aliweka alama yake ili mwenye duka ajue nani wa kumgombeza kazi ikiharibika. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi langu nilikuwa nimelibandika ukutani mwenyewe nikaita watu walitazame.

Kumbukumbu ikanirudia yote. Mwenyekiti wao alikuja dukani na picha tisa za pasipoti ndani ya bahasha, akaketi kwenye kigoda karibu na kompyuta yangu na hakuondoka mpaka duara zikawa sawa. Alisema mweka hazina akitokea mdogo kuliko katibu, mikutano miwili itaisha kwa hiyo habari peke yake. Nikabakiwa na nafasi tupu pembeni, naye akauliza kwa nini pale hapana kitu na yeye amelipia karatasi nzima. Maua nilikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, yale yale ya programu za mazishi. Nikayamwaga. Maagizo ya dawa yakaingia mahali palipobaki.

Niliibandua ile chati, nikaikunja, nikawaambia watu waende chai.

Mama wa Ngoliba alinifuata penye bomba la maji, ninapooshea kikombe changu. Nilidhani amekuja kuniambia anajua. Kumbe alikuwa na jambo lake.

"Mwalimu, mimi hiyo karatasi naweza soma. Shida si mimi. Ni mzee wangu."

Akaniambia kwa sauti ya chini, macho kwenye bomba. Mume wake ndiye mshika pampu wa kikundi. Nyanya za watu wote huko kwao ananyunyizia yeye, na pampu ya kikundi inalala nyumbani kwake. Shule aliacha darasa la pili. Hajui kusoma, na katika kikundi kizima hakuna anayeijua siri hiyo isipokuwa mkewe. Zamani dawa ilikuwa ya aina moja na alishika kipimo kwa kichwa. Msimu uliopita ikaja dawa nyingine, kali zaidi, naye akapima kwa kipimo cha ile ya zamani. Alilala siku tatu akitapika. Watu waliambiwa ni malaria.

"Sasa imekuja ingine mpya tena," alisema. "Na chairman amesema siku ya kufungua msimu, kila mtu anataka pampu atachanganya hapo mbele ya watu, akifuata chati. Mzee wangu akishindwa, wanapea mtu mwingine. Na mwalimu, bila hiyo pampu atakuwa tu mtu wa kukaa. Mimi namjua."

"Na akikosea tena kipimo?"

"Hiyo sitaki hata kufikiria."

Watu husema kuuliza si ujinga. Wanaosema hivyo hawajawahi kuhitaji kuuliza kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anakisoma kwa sauti akipita. Nilimwuliza tuna muda gani. Akasema Jumamosi tano.

Hapo nilipaswa kumwambia ile chati ilikuwa kazi ya mkono wangu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Lete kifuniko cha hiyo dawa mpya, kioshe vizuri kwanza." Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa nimekula kicheko cha watu kumi na mmoja juu ya kazi yangu mwenyewe, na sikuwa tayari kukitapika.

Zile Jumamosi zilizofuata nilimfundisha kama sijawahi kufundisha mtu, na nadhani sababu unaielewa. Mchoro wake wa kwanza uliujaza ukurasa. Kila palipobaki wazi aliweka kitu, jani, tone la maji, nyanya yenye macho na mdomo.

"Hapa pamebaki bure," alisema. "Wataona kama sikumaliza."

"Mama, kwa shamba lako kuna njia kati ya mistari ya nyanya?"

"Iko."

"Mbona hukupanda kwa njia?"

Alinitazama, halafu akatazama karatasi. "Aai! Sasa nitapitia wapi?" Akachukua kifutio. Tangu siku hiyo sikumfundisha tena habari ya nafasi. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka darasani akiwaambia wengine waache njia.

Jambo kubwa kuliko yote sikumfundisha mimi. Jumamosi ya pili alikuja na kile kifuniko, akakiweka juu ya karatasi, akakizungushia penseli. Alitaka tu kupata duara nzuri. Kisha akasimama pale amekishika, akakirudisha juu ya duara, kikakaa sawasawa.

"Mwalimu, kama ni saizi yake kabisa, si ataweka hapa aone?"

Nimekaa na karatasi maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria hilo. Furaha niliyoipata nilimwonyesha kwa kumgombeza, nikamwambia kwa nini anachora kwa penseli laini namna hiyo.

Chati ikawa na picha tatu tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ya kwanza, mtu aliyevaa glavu, barakoa na gambuti. Ya pili, vifuniko viwili kwa ukubwa wake halisi. Ya tatu, pampu iliyojaa maji mpaka kwenye mstari. Maneno yalikuwepo, machache, chini ya kila picha, kwa wanaoyataka.

Alirudi nayo nyumbani akaitundika jikoni, hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata alileta habari. Mzee aliitazama siku mbili, kisha jioni wakila akauliza kwa mbali kama siku hizi dawa zinakuja chupa mbili. Tukakuna vichwa. Kumbe mama alikuwa amepaka kifuniko kimoja bluu na kingine chekundu, kwa ajili ya kupendeza. Kwa mzee rangi mbili zilikuwa dawa mbili, na alikuwa na haki. Tukapaka vyote bluu, kama kifuniko chenyewe. Nilimwambia mume wake ndiye mwalimu wa darasa hili, sisi ni wasaidizi. Alicheka mpaka akajifuta macho na leso.

Kisha mwenyekiti akaiona chati. Alikuwa mwenyekiti yule yule wa bahasha, maana uenyekiti wa kikundi hauna umri wa kustaafu. Aliirudisha na swali moja, kwamba viongozi wako wapi. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilisema nitakwenda Ngoliba mwenyewe, na njia nzima tangu Thika nilikuwa nikipanga maneno, yote makali.

Alinipokea kwenye stoo ya kikundi, akaniletea kiti kizuri na soda. Hakunikumbuka. Mkewe alikuwa karibu na mlango anachagua nyanya, na mama wa Ngoliba alikuwa amesimama kando yangu.

"Karibu sana madam. Kazi ni nzuri. Lakini hii chati ni kama haina wenyewe."

Nilimwambia arudi nyuma afumbe macho nusu. Alifanya hivyo kwa heshima.

"Naona mtu amevaa glavu, naona vifuniko," alisema. "Sawa. Lakini watu wasipotambuliwa, kazi inakufa. Hata wewe ukianza kuongea kwa mkutano bila kutaja pastor na chief, nani atakusikiza?"

Alikuwa anasema kweli. Sisi huku hatuanzi neno mpaka kila mtu ametajwa, na aliyesahauliwa atakaa na uchungu wake mpaka harambee ijayo, halafu atauleta hapo. Huyu mwenyekiti hakuwa mjinga wala hakuwa na majivuno. Alikuwa anakishikilia kikundi kisivunjike, na karatasi ilikuwa kamba mojawapo. Kosa la zamani halikuwa lake. Yeye alileta watu wake, kazi yangu ilikuwa kuwatafutia mahali, na mimi nikawaketisha juu ya kipimo cha sumu.

Nikamwuliza kama anaweza kuvaa glavu, barakoa na gambuti tumpige picha. Yeye ndiye awe yule mtu wa kwanza kwenye chati, badala ya mchoro. Alivaa haraka, akasimama wima na chupa mkononi. Nilimpiga kwa simu nikamwonyesha.

Alitazama sana. "Sasa watu watajuaje ni mimi?"

"Watajua na hiyo tumbo," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye nyanya.

Mama wa Ngoliba aligeukia ukutani akicheka. Mimi sikuweza kujizuia. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kucheka lakini ndiye aliyecheka zaidi, barakoa ikipanda na kushuka. Tukakubaliana. Yeye angekuwa kwenye chati, na kamati nzima ningewatengenezea karatasi yao, nyuso tisa duara sawa, itundikwe mlangoni ambapo kila anayeingia atawaona kabla ya kuona kitu kingine. Niliitengeneza mwenyewe Mugutha, kwa mkono wa zamani. Nikaweka na maua.

Siku ya kufungua msimu nilikwenda tena, na sikuwa nimelala vizuri. Baada ya maombi na baada ya kila mtu kutajwa, mimi pia nikitajwa, waliotaka pampu wakaitwa. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye cheti cha fomu foo, na kila mtu alijua anacho. Alivaa glavu, akasoma kibandiko cha chupa kwa haraka, akamimina vifuniko vitatu. Mwenyekiti akakohoa, akamwonyesha chati. Bwana akasema hakuwa ameiangalia, maana hayo mambo anayajua.

Kisha akaja mume wa mama wa Ngoliba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona, mwembamba, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Mkewe alikuwa kando yangu na alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilianza kufa ganzi. Mzee alitazama picha ya kwanza, akavaa, barakoa ya mwisho. Akachukua kifuniko kikiwa kikavu, akakiweka juu ya duara la kwanza ukutani, kikaenea. Juu ya la pili, kikaenea. Akarudi kwenye chupa, akapima kimoja, cha pili, akafunga chupa. Maji mpaka kwenye mstari. Akakoroga kwa kijiti.

"Sawa kabisa," mwenyekiti alisema. "Pampu irudi pale ilikuwa."

Watu wakapiga makofi. Mama wa Ngoliba aliniachilia mkono, akamtaja Mungu kwa lugha yao, "Ngai," mara moja, taratibu, akaenda kusaidia kupakua chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa na furaha ya kutosha kurudi nayo Mugutha na kubakiza ya wiki nzima.

Nilikuwa nimesimama mlangoni chini ya karatasi ya viongozi, nina sahani ya githeri, mzee alipokuja. Alikuwa ameshanawa. Alisimama kando yangu, akaitazama ile karatasi kwa muda, uso wa mtu anayesoma kwa makini.

"Madam, ile chati ya zamani ni wewe uliitengeneza."

Niliishusha sahani, nikamwuliza ni nani amemwambia.

"Hakuna mtu ameniambia. Ni hii maua. Ni ile ile." Aliinua kidole akakipitisha hewani kuzunguka karatasi, bila kuigusa. "Lakini umepunguza. Hapa iko thelathini na mbili. Ile ingine ilikuwa arobaini na sita."

"Ulihesabu?"

"Kila mara. Nikisimama pale watu walikuwa wanafikiria nasoma. Sasa lazima macho iende mahali." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. "Nikimaliza kuhesabu ndio naondoka, ili isiwe ni haraka sana."

Nikamwambia ni kweli, ni mimi. Nikamwambia pole. Nilisema kwa sauti ambayo ilinitoka ndogo, na nilirudia mara ya pili nikidhani hakusikia.

"Aai, ilikuwa maua mazuri," alisema.

Akaenda akachukua pampu yake, akaivaa mgongoni, akakaza mikanda yote miwili. Kabla ya kuteremka shambani alipita tena mbele ya chati mpya. Aliitazama mara moja tu, hata hakusimama.